Kuhesabiwa Haki: Neno Lililofika Mto Tana

Somo: Warumi 5:1–11

Mwenye Biblia na aifungue Warumi sura ya 5, kisha aiache wazi mbele yake. Leo tutasafiri mbali kidogo kabla ya kurudi hapo.

Safari yetu inaanza Minjila. Kwa wale wasiopajua, ni pale njia panda karibu na Garsen, ambapo barabara itokayo Malindi inagawanyika: moja inashika njia ya Witu na Lamu, nyingine inapanda kuufuata mto kwenda Hola na Garissa. Basi husimama, abiria hushuka kunyoosha miguu, na mtu akitazama upande wa mto huona nchi tambarare isiyo na mwisho, majani ya malisho huku, mashamba ya migomba na miembe kule. Wapokomo wanalima kandokando ya mto. Waorma wanachunga ng'ombe wao, na wakati wa kiangazi hawana budi kuwateremsha wanyama mpaka majini. Mto ni mmoja, na wote wawili wanauhitaji.

Ilikuwa katika nyumba moja ya pande hizo, baada ya maombi, mama mmoja wa makamo alipotuuliza swali. Hatutamtaja jina wala kijiji. Mwanawe aliuawa katika machafuko ya mwaka 2012. Alisema hivi: "Baba Mchungaji, mnatufundisha ya kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, wala si kwa matendo. Je, yule aliyemuua mwanangu, akiamini leo, kesho naye ni mwenye haki? Basi mwanangu yeye amehesabiwa nini?"

Tulimjibu. Tulimfungulia aya mbili tatu, tukamwambia ya kwamba damu ya Yesu yatosha kwa kila dhambi. Akasema, "Ahsante, Baba," akainuka akaenda kutazama chai. Tukajua ya kuwa hatujamjibu. Tulikuwa tumesema kweli, lakini tuliisema upesi mno, kama mtu anayetaka kuondoka kabla ya jua kuchwa. Swali lake tumetembea nalo tangu siku ile, na mazungumzo haya ya leo yametoka hapo.

Kwa wale ambao wamesahau, au walikuwa watoto, tukumbushe kwa ufupi. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa, na zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Septemba moto ukawaka tena, hasa Kilelengwani, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo askari polisi. Siku chache kabla ya Krismasi ikawa zamu ya Kipao. Kwa jumla zaidi ya watu 100 walikufa katika miezi ile, na maelfu walizikimbia nyumba zao. Kila pigo lilihesabiwa kuwa malipo ya pigo lililotangulia. Angalieni neno hilo, kuhesabiwa. Watu walikuwa wakihesabu. Huku wameuawa kadhaa, kule wameuawa kadhaa, bado tunadai. Daftari la damu halifungwi kwa kuandikwa zaidi.

Sasa Mtume Paulo naye anatumia neno la daftari. Wale waliotutafsiria Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, ile ya Union, walichagua neno "kuhesabiwa haki", na tunawashukuru, maana walichagua vema. Hawakusema kufanywa hodari, wala kuonekana mwema. Walitumia neno la mwenye duka na kitabu chake cha madeni. Kila mmoja wetu anakijua kitabu kile: unga, sukari, mafuta ya taa, na jina lako juu ya ukurasa. Mwenye duka akichora mstari katika ukurasa na kuandika "amelipa", wewe umehesabiwa kuwa huna deni, hata kama mfukoni mwako hakuna senti. Ila jambo moja halibadiliki: unga ule umeliwa, na lazima mtu aulipie. Mwenye duka akifuta deni bila kulipwa na mwingine, yeye mwenyewe ndiye aliyelipa.

Mafundisho haya yalifikaje Mto Tana? Hapa ndipo tunapopenda kukaa kidogo, maana Wakristo wengi wa pwani hawajasimuliwa habari zao wenyewe. Twajua habari za Wittenberg kuliko za Golbanti.

Lakini yatupasa tupitie Wittenberg. Martin Luther alikuwa mtawa na mwalimu wa Maandiko, mtu aliyefunga, aliyekesha, aliyeungama dhambi mpaka waungamishi wake wakachoka naye. Katika uzee wake, mwaka 1545, aliandika ya kwamba zamani aliyachukia maneno "haki ya Mungu", kwa kuwa aliyasikia kama fimbo: Mungu ni mwenye haki, kwa hiyo atamwadhibu asiye haki. Ndipo alipokuwa akitafakari Warumi 1:17 akaona ya kwamba haki hiyo ni ile ambayo Mungu humpa mtu anayeamini. Ni kipawa. Hoja zake za mwaka 1517 juu ya vyeti vya msamaha zilileta vurugu kubwa Ulaya, na Kanisa likagawanyika. Sisi Waanglikana tulipokea fundisho lile lile katika Vifungu 39 vya mwaka 1571, kifungu cha 11, ingawa twakiri ya kuwa wengi wetu hatujakisoma tangu tutoke chuoni. Kwa ajili ya wale wanaopenda kuchochea ugomvi wa kale, tuseme pia ya kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya jambo hili, na Wamethodisti wakajiunga nalo mwaka 2006. Si kila tofauti iliyokwisha, lakini matusi yamepungua, na hilo ni la kumshukuru Mungu.

Kutoka kwa Luther ziko njia mbili zilizoteremka mpaka kwetu pwani, na zote mbili zilielekea kwa watu wale wale.

Ya kwanza ni ya Johann Ludwig Krapf. Alizaliwa mwaka 1810 karibu na Tübingen, Ujerumani, katika nyumba ya Kilutheri, akatumwa na chama cha Kianglikana, CMS. Alianza kazi Ethiopia, na huko moyo wake ukashikwa na taifa la Waoromo, ambao watu wa zamani waliwaita Wagala, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Alipofungiwa njia ya kaskazini, alikusudia kuwafikia kutoka kusini. Basi mwaka 1844 akaja Zanzibar, akapewa barua na Sultani Seyyid Said, akafika Mombasa. Tafadhali lishikeni neno hili, maana tutalirudia: mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti katika nchi ya Kenya alikuja akiwa na haja ya kuwafikia ndugu wa Waorma hawa hawa wa Mto Tana.

Mwezi Julai mwaka huo huo mkewe, Rosine, alikufa kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa amelala kwa homa. Aliwaandikia wakuu wake ya kwamba sasa liko kaburi moja katika pwani ya Afrika Mashariki, na hiyo iwe kwao dalili ya kuwa vita vimeanza. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alimfikia, wakahamia Rabai pamoja.

Wapenzi, ni nani aliyekuwa tunda la kwanza la kazi ile? Hakuwa mzee wa kaya wala kijana hodari ambaye angeweza kuwa mwalimu na mhubiri. Aliitwa Mringe. Alikuwa mlemavu, mgonjwa, maskini, tena karibu kufa. Krapf alimfundisha, akamwona anaamini, akambatiza kitandani pake. Na baada ya muda mfupi Mringe akafa.

Tutulie hapa. Tulipokuwa wanafunzi wa theolojia tulizoea kusoma kisa hiki kwa haraka, kama utangulizi tu wa mambo makubwa yajayo. Leo twaona ya kwamba ndicho chenyewe. Ukitafuta mtu wa kuonyesha maana ya kuhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo, utampata wapi aliye bora kuliko Mringe? Hakufundisha katekisimo. Hakujenga kanisa, hakutoa sadaka ya mavuno, hakuimba kwaya. Hakupata hata nafasi ya kuacha dhambi kwa muda mrefu ili watu waseme, kweli huyu amebadilika. Mikono yake ilikuwa mitupu kabisa, na katika mikono ile mitupu Mungu akaweka haki ya Kristo. Kanisa letu la Kianglikana la Kenya lina maaskofu, makanisa makubwa, shule na hospitali. Mlango wake ulifunguliwa na mtu asiyeweza kutembea.

Ilikuwa fundisho kwa wamisionari wenyewe pia. Krapf aliondoka mwaka 1853 akiwa amechoka mwili. Rebmann alibaki. Alikaa tangu 1846 mpaka 1875, karibu miaka 29, akipoteza macho yake pole pole juu ya kamusi na tafsiri, na alipoongozwa merikebuni akiwa kipofu, waamini aliowaacha walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Laiti Mungu angekuwa analipa kwa idadi, Rebmann angekwenda nyumbani bila ujira. Sisi wachungaji tunaojaza ripoti za ubatizo kila mwisho wa mwaka tunafahamu jinsi jambo hili lilivyo gumu kumeza. Twahubiri neema siku ya Jumapili, na Jumatatu twaanza kuhesabiana kwa matendo.

Baadaye Rabai ilijaa watu. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia vituo vya misheni, na huko Rabai walisimamiwa na William Jones, ambaye mwenyewe alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akalelewa Bara Hindi, kisha akatiwa mikono kuwa shemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Mabwana walikuja kudai mali yao, kama walivyowaita. Hatari ya kumwaga damu ilikuwa karibu. Ndipo siku ya Mwaka Mpya 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa aligawa hati za uhuru huko Rabai. Fidia ilikuwa imetolewa kwa wale mabwana, na watumwa zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni vya pwani wakawa watu huru.

Mwaone watu wale wamesimama kwa mstari. Jana, askari akimkamata mmoja wao njiani, alikuwa mtoro. Leo anayo karatasi. Mwili ni ule ule, nguo ni zile zile, makovu ya fimbo yako mgongoni. Kilichobadilika ni hesabu yake mbele ya sheria, na kwa sababu hesabu imebadilika, kila kitu kitabadilika: atalima shamba lake, ataoa, hatalala akisikiliza nyayo za watu usiku. Kila mfano una mahali unapokatika, na huu unakatika hapa: haikuwa haki mtu kulipwa kwa kumwachilia aliyemwiba, na Mungu hakumlipa Shetani kitu. Lakini tunapotaka kumweleza mtu wa pwani maana ya kuhesabiwa haki, hatuna haja ya kumpeleka Ujerumani. Tumwonyeshe hati ile ya Rabai.

Njia ya pili ni ya John Wesley. Alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, amefunga na kuomba na kwenda ng'ambo mpaka Marekani kuhubiri, akarudi amevunjika moyo. Jioni ya tarehe 24 Mei 1738 alikwenda bila hamu katika mkutano mdogo barabara ya Aldersgate, London. Mtu mmoja alikuwa akisoma utangulizi ambao Luther aliuandika kwa Waraka kwa Warumi. Wesley akasikia moyo wake unapata joto, akaamini ya kwamba dhambi zake yeye zimeondolewa. Kutoka joto lile wakatoka Wamethodisti. Na kundi moja lao huko Uingereza, waliposoma habari za Krapf, walitaka kutuma watu kwa Waoromo. Krapf mwenyewe alirudi mwaka 1862 kuwasaidia kuanza kazi Ribe, na Thomas Wakefield akaiendeleza miaka mingi, macho yake yakitazama kaskazini. Mwishowe, katika miaka ya 1880, wakafika Golbanti, kando ya Tana, si mbali na Garsen ya leo.

Huko walikaa Mchungaji John Houghton na mkewe Annie. Mwezi Mei 1886 wavamizi wa Kimaasai walikishukia kituo, wakawaua wote wawili pamoja na watu wengine wa kituo kile. Hawakuwa wamekaa muda mrefu. Mwaka uliofuata, 1887, Wajerumani wa Misheni ya Neukirchen, akiwamo Ferdinand Würtz, walianza kazi Ngao, jirani tu, wakajifunza Kipokomo, wakakiandika, wakaanza kulitafsiri Agano Jipya. Kaburi halikufunga njia.

Na sasa turudi kwenye lile neno tuliloomba mlishike. Krapf alikuja kwa ajili ya Waoromo. Wamethodisti walikwea mpaka Golbanti kwa ajili ya Waorma. Lakini walioipokea Injili kwa wingi kando ya mto ule walikuwa Wapokomo. Njia ilikatwa kwa ajili ya jirani, nao ndio walioipita. Waorma kwa sehemu kubwa ni Waislamu leo, na tunaishi nao na kuuziana maziwa na mchele. Basi Mkristo wa Ngao au wa Golbanti ana nini cha kujivunia mbele ya jirani yake? Hakuitafuta Injili, ilimkuta shambani. Mtume anasema katika Warumi 10 ya kwamba Mungu ameonekana na wasiomtafuta, na katika sura ya 3, ya kwamba kujisifu kumefungiwa nje. Wako Wakristo wanaodhani kuwa imani ni daraja la heshima, kwamba sisi tumesafishwa na wale ni wachafu. Huyo hajaelewa hata herufi moja. Wimbo wetu wa taifa, tangu Uhuru mwaka 1963, unatumia sauti ya wimbo ambao kina mama wa Kipokomo waliwabembelezea watoto. Mtoto anayebembelezwa hajafanya kazi yoyote. Hajui hata jina la mto.

Basi, swali la yule mama.

Kwanza, tulipaswa kumwambia ya kwamba swali lake ni la haki na Mungu halikasirikii. Paulo mwenyewe aliyeandika Warumi alisimama akilinda nguo za watu waliompiga Stefano kwa mawe. Stefano alikuwa na mama. Biblia haituambii neno juu yake, lakini ikiwa aliishi, siku moja alisikia ya kuwa Sauli sasa anahubiri. Kanisa la kwanza lililazimika kuishi na swali hili hili, tena wakimwona mtu huyo kwa macho.

Pili, kuhesabiwa haki si Mungu kufumba macho. Hapa ndipo tulipokosea siku ile, maana tulinena kana kwamba damu ya kijana yule ni jambo dogo likiwekwa kando ya rehema. La. Katika Warumi 3:25 na 26 Mtume anasema ya kwamba Mungu alimtoa Kristo Yesu ili haki yake mwenyewe ionekane, apate kuwa mwenye haki huku akimhesabia haki amwaminiye Yesu. Deni la damu halikufutwa kwa kusahauliwa. Kama ingewezekana kulisahau, Msalaba ungekuwa wa nini? Mungu aliliangalia lile la Riketa, na la Kilelengwani, na la Kipao, na la kijana wa mama yule, akaliona ni zito kiasi hiki: gharama yake ni Mwanawe. Hakuna kiongozi wala mahakama wala kamati ya amani iliyowahi kukadiria maisha ya mkulima au mchungaji wa ng'ombe wa Tana kuwa na thamani kubwa namna ile.

Tatu, anayehesabiwa haki haachiliwi atembee kama mtu asiye na deni kwa jirani. Hapa Yakobo anatusaidia, ambaye Luther hakumpenda sana, nasi tunadhani Luther alikosea. Mtazame Zakayo katika Luka 19. Yesu aliingia nyumbani mwake kwanza. Ndipo Zakayo akasimama, akasema atawarudishia aliowanyang'anya mara nne. Hakulipa ili Yesu aje. Alilipa kwa sababu Yesu amekuja. Mtu aliyemwaga damu naye akasema nimeokoka, kisha hathubutu kwenda mbele ya sheria, wala hawezi kuukanyaga ua wa yule mjane, tuna haki ya kumwuliza ameamini nini. Msamaha wa Mungu haufungi jalada la polisi. Warumi 13 imo katika waraka ule ule.

Sasa someni tena mwanzo wa sura ya 5. Baraka ya kwanza anayoitaja Mtume, baada ya hoja ndefu ya sura nne, ni amani kwa Mungu. Si amani ya moyo kwanza, ile ya kulala usingizi vizuri, ingawa nayo huja. Ni vita iliyokwisha. Halafu anasema tumepata njia ya kuikaribia neema hii. Yule aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi, akitazama mlango, huku wengine wenye kujuana wakiingia na kutoka, anaijua thamani ya neno hilo. Mlango umefunguliwa, na aliyeufungua amekushika mkono.

Kisha anakuja na jambo la ajabu, kufurahi katika dhiki. Tunakiri ya kuwa neno hili tuliwahi kulihubiri kirahisi. Mtu wa Tana anajua dhiki: mto unafurika na kuchukua mpunga, mwaka unaofuata mvua haipo na ng'ombe wanakufa. Mtume hasemi tuifurahie dhiki. Anasema dhiki haiwezi tena kuwa ushahidi ya kwamba Mungu anatudai. Hilo ni tofauti kubwa. Mafuriko yakija, mwenye kuishi kwa matendo huuliza, nimekosa nini? Amekosa zindiko gani, sadaka gani, mfungo gani? Mwenye kuhesabiwa haki analia kama wengine, anahama kama wengine, lakini swali lile limeondolewa kinywani mwake. Hesabu yake ilikwisha fungwa Kalvari, na maji hayawezi kuifungua.

Na mstari wa 10 unasema tulipatanishwa na Mungu tulipokuwa tungali adui. Hapo sote tumo, mama yule na sisi wachungaji na mwuaji. Hatusemi ya kwamba dhambi zetu zote ni sawa kwa uzito mbele ya watu. Huo ni upuuzi, na anayemwambia mjane hivyo anamwongezea jeraha. Twasema ya kwamba mlango wa kuingilia ni mmoja, nao ni mfupi, kila mtu huinama.

Mwaka uliofuata tulipita tena kwa mama yule. Tulimweleza haya, si yote, maana chai ilikuwa inapoa na wajukuu walikuwa wakicheza miguuni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, mimi sijaweza kumwombea mtu yule. Nimejaribu. Namwomba Mungu anihesabie hivyo hivyo, kwamba nilijaribu." Tukamwambia ya kwamba Mungu hamhesabii haki kwa kujaribu kwake, bali kwa Kristo, hata kwa siku zile ambazo hakujaribu. Alicheka kidogo. Mara ya kwanza kumwona akicheka. Akasema, "Basi mwaka huu sitamwombea. Nitakaa tu," akatumiminia chai ya pili.

Wapenzi wasikilizaji, saa yetu imekwisha. Juma lijalo, Bwana akipenda, tutaendelea na Warumi sura ya 6. Wale walio karibu na mto, maji yakianza kupanda, msingoje usiku kuhama. Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe pamoja nanyi nyote. Amin.